Tundu la Saa

Katikati ya dashibodi ya Datsun 240Z kuna geji tatu zilizopangwa safu moja, kila moja imezamishwa ndani ya shimo lake, na zote zimegeuziwa uso upande wa dereva. Moja inapima joto la maji na presha ya oili. Ya pili inapima umeme na petroli. Ya tatu ni saa. Katika gari la mjomba wangu, penye saa palikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo mjomba alikuwa amepachika kipande cha mvule kilichochongwa duara, kikapigwa msasa na vanishi mpaka kikang'aa kuliko vitu vyote vilivyokizunguka.

Saa yenyewe iliondoka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Fundi mmoja aliichomoa akisema ataipeleka kwa mjuzi wa saa za magari, siku zikapita, fundi akahama mji. Mjomba hakumfuata wala hakumsema. Alikwenda kwa seremala wake wa Majengo, Mombasa, akampa kipimo, na jioni akarudi na lile duara la mvule. Gari likatembea nalo, likazeeka nalo, na mwishowe likasimama nalo chini ya turubai zaidi ya miaka ishirini.

Nilipoomba ruhusa ya kulifufua, alinipa ufunguo bila maneno mengi. Nilidhani kazi kubwa itakuwa injini. Injini ilichukua miezi mitano. Saa ilichukua miaka sita.

Asiyewahi kuingia katika shughuli hii ataona ajabu. Injini ya 240Z, ile inayoitwa L24, ni silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, na ndugu zake wa ukoo huo wa L walitiwa katika magari mengi ya Datsun na Nissan kwa miaka mingi. Kiwanda kilijua tangu siku ya kwanza kwamba ringi zitalika, gasketi zitaungua na beringi zitalia. Kwa hiyo kikaweka akiba, na wafanyabiashara wa kila nchi wakatengeneza za kwao juu ya zile za kiwanda. Bodi nayo, hata ikiliwa na kutu, bati ni bati: fundi hukata, huchomelea, hugonga, hupaka rangi. Lakini nani mwaka 1970 aliyejaza ghala vifuniko vya taa ya ndani? Nani aliyetazamia kwamba siku moja mtu atazunguka dunia akitafuta kitufe cha choki, kishikio cha kuteremshia kioo, au ile ngozi bandia yenye michoro ya almasi inayofunika mgongo wa gia? Vitu hivi havikutarajiwa kuisha, basi havikuwekewa akiba ya kutosha. Kile kilichodhaniwa kuwa hakitakufa ndicho kilichokosa warithi.

Tena vitu vya ndani vilizaliwa katika kalibu. Kalibu za chuma za kumiminia plastiki ni nzito, ni ghali, zinachukua nafasi, na gari likishatoka sokoni hakuna tena anayeona sababu ya kuzitunza. Kalibu ikienda kuyeyushwa, kitu kile hakizaliwi tena. Kilichopo duniani ndicho kilichopo, na kila mwaka kinapungua.

Kisha kuna jua. Dashibodi ya gari hili imetengenezwa kwa tabaka tatu: chini kuna bati, katikati sponji, juu ngozi ya vinili. Vinili kwa asili yake ni ngumu. Hulainishwa kwa kemikali za mafuta zilizochanganywa nayo kiwandani. Gari likiachwa juani, joto huyatoa mafuta hayo kidogo kidogo. Ule utando unaoufuta kila mara upande wa ndani wa kioo cha mbele, sehemu yake ni dashibodi yenyewe inayoondoka polepole. Vinili ikikauka husinyaa, lakini bati lililo chini halisinyai, na vitu viwili vilivyogandishwa pamoja vikivutana namna hiyo, kimoja lazima kipasuke. Kioo cha mbele cha 240Z kimelala sana, jua lote linamwagikia pale juu. Dashibodi isiyo na ufa ni nadra kila mahali duniani. Mombasa, ambako hata kamba hukatika kwa jua, mimi sijaiona.

Na hata ukisikia kwamba ipo mahali, kuna swali la upande. 240Z nyingi zilipelekwa Marekani, na usukani wa Marekani uko kushoto. Dashibodi ya usukani wa kushoto haikai katika gari letu la usukani wa kulia, hata ikiwa nzuri kama imetoka kiwandani jana. Nimewahi kutazama picha za dashibodi kamili, nyeusi, laini, isiyo na hata mkwaruzo, nikahisi kama mtu aliyepewa kiatu kizuri cha mguu wa kushoto tu. Saa, namshukuru Mungu, haina kushoto wala kulia.

Nataka nieleze kwa nini nilijali. Gari hili si geni kwetu. Mwaka 1971, 240Z ilishinda mbio za magari za Safari Rally za Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na navigeta wake Hans Schüller. Nafasi ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Miaka miwili baadaye Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja tu kabla ya ushindi ule, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia wa nchi ile. Watu wa rika la mjomba wanakumbuka Pasaka hizo za mbio kama wengine wanavyokumbuka mechi za mpira. Walisimama kando ya barabara tangu alfajiri, wakala vumbi, ili waone bodi nyekundu yenye boneti nyeusi kwa sekunde nne au tano. Gari lililoshinda mwaka 1971 bado lipo, limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani.

Lakini fikiria yale waliyoyaona Herrmann na Schüller wenyewe. Rangi ile nyekundu hawakuiona, boneti waliiona kwa jicho la pembeni tu. Kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika tope na katika mchanga, kilichokuwa mbele yao ni dashibodi, usukani, na zile geji. Nje ya gari ni mali ya watazamaji. Ndani ni mali ya aliyemo. Ndani ndiko ambako mkono umegusa mahali pamoja mara elfu kumi mpaka plastiki ikapata mng'ao wake, ndiko ambako mtoto amelala, ndiko ambako habari ya msiba ilipokewa gari likasimamishwa kando ya njia. Ndiyo maana mtu anaweza kulipaka gari rangi mpya bila kujali, kisha akakesha kwa ajili ya kitufe.

Maneno ya shughuli hii nayo yanafundisha. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Kariakoo ya Dar es Salaam, utasikia spea zikigawanywa kwa majina. Kuna jenuini, yaani iliyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Kuna orijino, ambayo kwa muuzaji mmoja maana yake ni ile ile jenuini, na kwa mwingine maana yake ni kwamba hajaambiwa vinginevyo. Kuna ya mtumba iliyovuliwa katika gari jingine, ikapitia Japani au Sharjah. Kuna kopi, na kuna feki. Kopi na feki wengi huzichanganya, nami zamani nilizichanganya, lakini sasa naziona mbali kama mashariki na magharibi. Kopi ni kitu kilichotengenezwa kufanana na kingine, nacho kinasema hivyo. Leo kuna watu Marekani wanaotengeneza dashibodi mpya za 240Z, na kuna karakana zinazovua vinili ya zamani, zikajaza sponji upya na kuivisha ngozi mpya kwa joto na mvuto wa hewa. Hao hawamdanganyi mtu. Viwanda vyenyewe vimeanza kuyarudia magari yao: mwaka 2017 Mazda ilitangaza mpango wa kuzifufua MX-5 za kizazi cha kwanza nchini Japani, ikatengeneza upya hata usukani wa mbao na kichwa cha gia. Feki ni kile kile lakini kimefungwa katika sanduku la uongo. Kinachotofautisha ni ulimi wa muuzaji.

Marehemu babu yangu aliuza vyombo vya nyumbani Mji wa Kale, na nilimwona mara nyingi akimgeuzia mteja sahani kumwonyesha ufa kabla hajamtajia bei. Nikiwa mtoto nilidhani ni udhaifu wa biashara. Ila ya bidhaa, kwake, ilikuwa sehemu ya bidhaa. Kuificha ilikuwa kama kuuza sahani nusu na kupokea bei ya sahani nzima.

Nilimkumbuka sana babu mwaka wa nne wa utafutaji wangu.

Dalali mmoja alinipigia simu kutoka Bonde la Ufa. Kuna 240Z, akasema, imefungiwa ghalani tangu mwenyewe alipoacha kuendesha. Mzee amefariki, watoto wanataka kuuza, hawajui wanachokiuza. Nilisafiri usiku. Ghala lilikuwa la mabati, halina dirisha, na mlango ulipofunguliwa mwanga ukaingia mara moja ukaangukia juu ya dashibodi. Haikuwa na ufa. Hata mmoja. Giza la miaka mingi lilikuwa limeitunza kama mama. Panya walikuwa wamekula sponji ya viti na buibui walikuwa wamejenga kwenye usukani, lakini ngozi bandia ya mgongo wa gia ilikuwa nzima, vishikio vilikuwepo, vizuia jua vilikuwepo. Na saa ilikuwepo. Nililala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, nikaigusa kwa nyuma, nikahesabu waya zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka nikasahau kwamba wenye gari wamesimama mlangoni wakinisubiri.

Jioni dalali alinifuata nyumba ya wageni na hesabu zake. Alinionyesha kwenye simu habari ya mwaka 2020, ya 240Z moja iliyotembea kidogo na kubaki karibu na ilivyotoka kiwandani, iliyouzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Gari ambalo lilipoanza kuuzwa huko bei yake ilikuwa dola 3,526. Si kwamba hili la ghalani lingefika huko, alisema, lakini spea zake zingefika mbali. Nichukue ninachotaka mimi: dashibodi, saa, vishikio. Viti kwa mtu fulani, vioo kwa fulani, injini kwa fulani, na bodi iende kwa vyuma chakavu. Watoto wa marehemu walikuwa wametaja bei ya gari lililokufa. Kila mtu angeondoka na chake.

Usiku ule sikulala vizuri, na nataka niseme kwa nini. Hakuna sheria ambayo ningeivunja. Bei niliyotajiwa ni waliyoitaja wenyewe. Na lengo langu lilikuwa jema: kulirudisha gari la mzee wangu kama lilivyokuwa. Lengo jema ndilo lililonitisha, kwa sababu liliniruhusu kuona kila kitu kingine kama malighafi yake. Nimeona Mji Mkongwe wa Unguja na nimeona Lamu nyumba ambazo milango yake ya kuchonga ilishang'olewa. Mahali pa mlango pana mbao za kawaida, au bati. Aliyeununua mlango ule huenda aliupenda kwa moyo wake wote. Huenda ameuweka mahali pa heshima, anaupaka mafuta kila mwaka, na wageni wake wanausifu. Lakini kuna mtaa uliobaki na pengo, na ukuta unaonyesha pale misumari ilipokuwa.

Nilimpigia mjomba alfajiri, nikijua ameamka kwa sala. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Lina magurudumu manne?"

"Manne, Mjomba."

"Usukani?"

"Upo."

"Milango inafunguka?"

"Inafunguka."

"Basi hilo ni gari, mwanangu. Wewe ulikwenda kutafuta spea."

Asubuhi niliwaita wale watoto wa marehemu, nikakaa nao kwenye ngazi za nyumba, nikawaambia gari lao ni nini na ndani yake kuna nini, kitu kimoja kimoja. Nikawaambia kwamba likikatwa, vipande vitaleta pesa za haraka. Likiuzwa zima kwa mtu anayelijua, litaleta zaidi ila itabidi wasubiri. Bei waliyoitaja baada ya hapo sikuiweza. Dalali hakunisemesha mpaka kituo cha basi, na kwa upande wake alikuwa na haki ya kukasirika, maana nilimkosesha mlo wake. Baadaye nilipata habari kwamba mtu wa Nairobi alilinunua zima. Nilifurahi, lakini sitaki nidanganye: nilipofika nyumbani nililitazama lile duara la mvule, nikaona uchungu.

Je, anayejua thamani ya kitu ana wajibu wa kumfundisha asiyejua kabla ya kununua kwake? Nimelizungumza swali hili na watu wengi wa shughuli hii, na wengi husema hapana. Elimu ni mtaji, nao waliupata kwa jasho. Nawaelewa. Aliyesoma miaka ishirini mpaka akaweza kutambua usukani wa mwaka fulani kwa kuugusa gizani, ana haki ya kula kwa elimu hiyo. Lakini kununua kwa mjane au kwa yatima kitu ambacho hajui ni nini, huku wewe unajua, mimi siwezi kuiita biashara. Muuzaji anapaswa kuonyesha ila. Naona mnunuzi naye anapaswa kuonyesha uzuri.

Nyumbani kwetu kuna picha ya mwaka 1976. Imepigwa kupitia dirisha la abiria. Mjomba ameshika usukani, mimi nimepakatwa na mama, nyuma yetu kupitia kioo cha upande wa pili anaonekana mwanamke ameweka sinia la mahamri na sufuria ya mbaazi. Dashibodi bado nyeusi na changa. Saa inaonekana wazi, mshale mfupi uko kati ya tatu na nne, mrefu umelala kwenye sita. Niliitumia sana picha ile katika kazi yangu, nikiikuza kwenye kompyuta ili nione rangi ya mishale na namna tarakimu zilivyoandikwa. Na nilikuwa nimeshafikia uamuzi kuhusu saa yenyewe: ilikuwa imesimama. Mishale ilionyesha saa tisa na nusu alasiri, na mahamri kwa mbaazi hayauzwi alasiri. Saa za magari haya zinajulikana kwa kusimama, basi sikushangaa. Nilisema moyoni, natafuta saa ambayo hata ilipokuwepo ilikuwa mgonjwa.

Saa niliyoipata mwishowe ilitoka New Zealand, katika 240Z iliyoungua nyuma yote, haiwezi kufufuliwa tena. Mwenye kuivunja aliandika mambo matatu kabla hajataja bei: haitembei, kioo chake kina mkwaruzo upande wa chini, na mshale mmoja umepauka. Alituma picha ya mkwaruzo ule kwa karibu kuliko picha ya saa nzima. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimwona babu akigeuza sahani. Saa ilifika ikiwa imeviringishwa katika soksi ya sufu ndani ya kopo la majani ya chai.

Nikaipeleka kwa fundi saa wa Mji wa Kale, mzee ambaye duka lake ni pana kama kabati. Aliifungua akatia miwani yake ya jicho moja. Mafuta yalikuwa yameganda kama ulimbo, na lehemu moja ilikuwa imeachia. Kisha akaniita nisogee. Ndani ya kifuniko kulikuwa na michoro midogo iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano: herufi mbili na mwaka 1979, na chini yake alama nyingine iliyoandikwa kwa mkono tofauti.

"Hii imeshafunguliwa mara mbili," akasema. "Ni desturi yetu. Fundi akimaliza, anaacha jina lake mahali ambapo mwenye saa hatafika."

Miaka sita nilikuwa nimetafuta kitu ambacho hakijaguswa. Nikasimama pale nikiona jinsi nilivyokuwa nimelikosea neno asili. Asili kwa Kiswahili ni chanzo, mahali kitu kilipotoka, na chenye chanzo kina safari. Hata gari hili lenyewe halikutoka chanzoni mwake bila kuguswa. Japani liliitwa Fairlady Z, na inasimuliwa kwamba Yutaka Katayama, aliyekuwa akiiongoza Nissan huko Marekani, alipoletewa magari ya kwanza aliyaondolea jina hilo na kubandika 240Z badala yake, kwa kuwa alijua wanunuzi wake hawatalipenda jina lile. Alama ambayo leo watu wanaitafuta kwa bei kubwa kama ushahidi wa uasili, ilianza kama badiliko la mtu mmoja aliyeshika bisibisi. Alilijua gari, akalijua soko, akatia mkono wake, na mkono wake ukawa sehemu ya gari. Sioni kosa. Herufi mbili za mwaka 1979 nazo hazikuiharibu saa ile. Bila yule fundi labda ingetupwa zamani.

"Nitie na yangu?" fundi akauliza.

Nikamwambia atie.

Tuliifunga asubuhi ya Jumamosi, uani kwa mjomba. Nilimwomba akae kwenye kiti cha dereva kwanza, kwa maana magoti yake hayampi tena ruhusa ya kuinama. Nikalitoa duara la mvule kwa uangalifu; akalipokea, akalifuta kwa ncha ya shati lake, akalitia mfukoni bila kunieleza atalipeleka wapi. Dashibodi sikuibadilisha. Nyufa zake tano ziko pale pale, nimezifunga kwa ndani zisiendelee. Nikaunganisha waya, saa ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, ikaanza kutembea. Nikairekebisha. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na mishale ilikaa inavyotakiwa kukaa kwa wakati huo, mfupi kati ya tisa na kumi, mrefu kwenye sita.

Mjomba aliitazama kitambo. Akavaa miwani. Akanyoosha mkono, akakishika kile kitufe kidogo cha kurekebishia, akaanza kukizungusha. Mshale mfupi ukapita kumi, ukapita kumi na mbili, ukapita moja na mbili, mpaka ukaketi kati ya tatu na nne.

"Mjomba, nimeshaiweka sawa."

"Umeiweka sawa ya kwao." Akaurudisha mkono kwenye usukani. Miaka thelathini alikuwa rubani wa bandari, akipanda meli za kila bendera na kuziingiza Kilindini. "Melini nilisoma saa ya watu, kwa sababu meli ni yao. Humu ndani nilikuwa nasoma yangu. Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote."

Nikaingia ndani kuitafuta ile picha.